Sudoku ya gazeti naimaliza, ya simu inanishinda. Tatizo ni simu au ni mimi?

#1 BintiLanet (Nakuru)
Wadau, hamjambo. Nina swali limenikaa kichwani wiki tatu sasa.

Baba yangu hununua gazeti Jumamosi na Jumapili, na tangu nikiwa kidato cha pili ukurasa wa mafumbo umekuwa wangu. Sudoku ya gazeti, hata ikiandikwa "ngumu", naimaliza kabla ugali haujaiva. Sasa nimeajiriwa kwenye duka la vitabu na kalamu hapa mjini, na wateja wakipungua mchana nafungua Sudoku kwenye simu. Kiwango ni kile kile, "ngumu". Nashindwa. Wiki iliyopita nilianza kumi na nne, nikamaliza tatu. Zilizobaki nilifikisha makosa matatu, mchezo ukafungwa, nikaambiwa nitazame tangazo ndipo nirudi.

Sheria ni zile zile: vijumba 81, namba 1 hadi 9, namba isijirudie kwenye mstari (wa kulala), kwenye safu (ya kusimama) wala kwenye boksi la tatu kwa tatu. Kinachobadilika ni nini? Imeanza kuniuma.

#2 StegiYaNjoro (Nakuru)
Dada, tatizo si wewe. Za simu hutungwa na mashine. Za gazeti anakaa mtu na penseli anazitunga. Mtu ana huruma, mashine haina. Mjadala umeisha.

#3 KompyutaNjoro (Njoro)
Haujaisha, kaka. Magazeti nayo yanatumia mashine, tena tangu mwanzo. Aliyeileta Sudoku kwenye The Times la London ni Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 1997 akiwa Tokyo aliingia duka la vitabu, akakuta kitabu cha mafumbo haya, yakamnasa. Alitumia miaka kama sita kuandika programu ya kompyuta ya kuyatunga. Gazeti lile lilichapisha la kwanza tarehe 12 Novemba 2004, na magazeti mengine yakafuata mbio. Homa yote ya Sudoku ya magazetini ilitoka kwenye mashine ya yule jaji.

Wanaotunga kwa mkono wapo. Kampuni ya Nikoli ya Japani ndiyo inayojulikana kwa hilo. Ila usidhani kila fumbo la gazetini lina mtu nyuma yake.

#4 JaduongReli (Kisumu)
Wanangu, salamu. Mimi nimestaafu kazi ya reli na huu mchezo wa Wajapani nimeucheza miaka kumi na minane. Sijawahi kuucheza kwenye simu na sitaanza. Naucheza kwa kalamu ya wino. BintiLanet, jibu lako liko hapo kwenye kalamu.

#5 NyarNam (Kisumu)
Jaduong', kwa wino kabisa? Ukikosea unafuta na nini?

#6 JaduongReli (Kisumu)
Sifuti. Nikikosea gazeti limeharibika na shilingi zangu zimekwenda. Kwa hiyo siandiki namba mpaka niwe nimeithibitisha kwa njia mbili, kwa mstari na kwa boksi. Simu inakuambia papo hapo kwamba umekosea, kwa rangi nyekundu. Ukishazoea kuambiwa, unaacha kujiuliza. Huyo binti kwenye gazeti anafikiri ndipo aandike, kwenye simu anaandika ili aone kama itakubali. Hiyo ndiyo tofauti, na sioni nyingine.

#7 BintiLanet (Nakuru)
Mzee wangu, umenigusa. Kweli kuna mahali nikibaki na namba mbili kwenye kijumba nabonyeza moja tu nione. Sikujua nafanya hivyo mpaka nilipokusoma.

#8 MwalimuVihiga (Vihiga)
Kabla hatujamkubalia Mzee Reli, marekebisho kidogo. Mchezo si wa Wajapani kwa kuzaliwa. Ulitungwa na Mmarekani, Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indiana, ukachapishwa mwaka 1979 kwenye jarida la kampuni ya Dell kwa jina la Number Place. Wajapani waliuchukua mwaka 1984. Maki Kaji wa Nikoli akaupa jina refu lenye maana kwamba namba lazima zibaki bila ndoa, kila moja peke yake, kisha likafupishwa likawa Sudoku. Kaji alifariki Agosti 2021. Garns alifariki 1989, hakuwahi kuona dunia nzima ikiinamia kitu alichokitunga. Hilo hunisikitisha kila nikilikumbuka.

#9 OmundeKakamega (Kakamega)
Mwalimu, mimi nilisoma kwamba ni Euler, yule Mswisi wa hesabu wa karne ya 18.

#10 MwalimuVihiga (Vihiga)
Euler aliandika kuhusu miraba ya Kilatini, ambayo alama haijirudii kwenye mstari wala kwenye safu. Maboksi hayakuwemo, na bila maboksi hiyo si Sudoku. Magazeti ya Ufaransa nayo yalichapisha mafumbo ya namba yanayokaribiana na haya miaka ya 1890, kisha yakapotea. Kwa hiyo babu wa ukoo wapo wengi, lakini baba ni Garns.

#11 JaduongReli (Kisumu)
Nimekubali, Mwalimu. Ila wino wangu haujajibiwa.

#12 NyarNam (Kisumu)
Najibu mimi. Ni muuguzi, na kwangu mambo ni kinyume kabisa cha ya BintiLanet. Ya gazeti hunishinda, ya simu naimaliza. Kwenye simu nikigusa 7, saba zote zinawaka rangi, naona mara moja boksi gani halina. Alama ndogo za wagombea, yaani namba zinazoweza kukaa kwenye kila kijumba, simu inaniandikia na kuzifuta yenyewe. Kwenye gazeti, nikishaandika vinamba vitatu kwenye kijumba kimoja, karatasi inakuwa kama imetembelewa na kuku. Nikitoka zamu ya usiku macho hayabebi vile vinamba.

Kama simu ndiyo inayotufanya wavivu, mbona mimi imenifanya hodari?

#13 JaduongReli (Kisumu)
Nyathina (mwanangu), hodari ni wewe au ni simu? Izime hizo rangi wiki moja kisha uje utuambie.

#14 NyarNam (Kisumu)
Nitajaribu, Jaduong'. Nikishindwa nitakuja kusema hapa hapa.

#15 OmundeKakamega (Kakamega)
Mbona mnazunguka? Hesabuni namba zilizotolewa. Gazeti linakupa kama 30, simu kwenye "ngumu" inakupa 23 au 24. Namba zikiwa chache fumbo ni gumu. Basi.

#16 KompyutaNjoro (Njoro)
Hapana, Omunde. Idadi ya namba haikuambii ugumu. Chache kabisa zinazowezekana ili fumbo liwe na jibu moja ni 17. Hilo lilithibitishwa na Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin, wakatangaza Januari 2012 baada ya kompyuta kufanya kazi ya karibu mwaka mzima. Na miongoni mwa mafumbo ya namba 17, yanayojulikana zaidi ya 49,000, mengi ni rahisi ukishapata pa kuanzia. Wakati huo huo unaweza kupewa namba 28 ukakesha. Ugumu uko kwenye mbinu inayohitajika ili usogee hatua inayofuata.

Na tukiwa hapo: lazima angalau namba nane tofauti ziwe zimeonekana kati ya zile ulizopewa. Kama 4 na 9 zote hazimo, unaweza kuzibadilishana mwisho na utapata majibu mawili.

#17 OmundeKakamega (Kakamega)
Nimeona lile fumbo la mwaka 2020 lenye namba mbili tu, 1 na 2, Mwingereza Simon Anthony akalitatua kwenye video. Hiyo 17 yako iko wapi?

#18 KompyutaNjoro (Njoro)
Lile lililotungwa na Mitchell Lee. Lina sheria za ziada: namba ile ile isikae umbali wa hatua ya mfalme au ya farasi wa sataranji, na vijumba vinavyopakana visibebe namba zinazofuatana, kama 4 na 5. Sheria hizo ndizo zinazofanya kazi badala ya namba. 17 ni ya Sudoku ya kawaida.

#19 SojaWaUsiku (Nakuru)
Habari za usiku. Nalinda jengo moja hapa Nakuru na Sudoku ndiyo inayonifikisha alfajiri. Nina kesi yangu, naona inahusiana.

Mwezi uliopita nilibaki na vijumba vinne. Mstari wa 4 na wa 5, safu ya 2 na ya 7. Kila kimoja kilikuwa 3 au 7, hakuna namba nyingine. Nilitazama karibu saa nzima. Nikaona naweza kuanza na 3 juu kushoto kila kitu kikakubali, na naweza kuanza na 7 kila kitu kikakubali. Nikaweka 7. Nyekundu. Hilo lilikuwa kosa langu la tatu, mchezo ukafungwa. Nilijiona mjinga mpaka saa kumi na moja. Naomba mniambie nilikosea wapi.

#20 MwalimuVihiga (Vihiga)
Ndugu Soja, hukukosea popote. Nimeichora kwenye karatasi. Mstari wa 4 na wa 5 viko kwenye maboksi yale yale ya katikati. Safu ya 2 iko boksi la kushoto, ya 7 boksi la kulia. Ukibadilishana 3 na 7 kwenye vijumba vyote vinne, kila mstari bado una 3 moja na 7 moja, kila safu vivyo hivyo, kila boksi vivyo hivyo. Fumbo lilikuwa na majibu mawili, na programu ilikuwa inalijua moja tu. Fumbo halali lina jibu moja. Ulipewa bovu. Pole sana, na usijiite mjinga tena.

#21 SojaWaUsiku (Nakuru)
Asante, Mwalimu. Mmeniondolea mzigo.

#22 StegiYaNjoro (Nakuru)
Si nilisema mimi? Mashine!

#23 KompyutaNjoro (Njoro)
Safari hii una sehemu ya ukweli. Programu nzuri hujaza vijumba vyote 81, kisha huondoa namba moja moja, na kila ikiondoa hukagua kama jibu bado ni moja. Ukaguzi ndio wenye kazi. Mvivu akiuruka, anapata mafumbo mengi kwa haraka na baadhi yana majibu mawili. Kwa hiyo BintiLanet, huenda baadhi ya zile kumi na moja zilizokushinda zilikuwa mbovu.

Pili, neno "ngumu" halina kipimo kimoja. Kila mtungaji ana chake. "Ngumu" ya gazeti la baba yako inaweza kuwa "wastani" kwenye programu yako. Hii ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi.

Niongeze mbinu itakayokusaidia kwenye zile za simu. Chukua 6. Kwenye mstari wa 2, sita inaweza kukaa safu ya 1 au ya 8 tu. Kwenye mstari wa 7 pia, safu ya 1 au ya 8 tu. Basi sita mbili za mistari hiyo zitazimaliza safu hizo mbili, moja huku na moja kule, kwa mshazari. Futa 6 kwenye vijumba vingine vyote vya safu ya 1 na ya 8. Ukiunganisha pembe nne unapata umbo la herufi X, na ndiyo sababu mbinu hiyo hutajwa kwa X. Fumbo la gazeti la kawaida ni nadra kukudai hii. Za simu huidai.

#24 StegiYaNjoro (Nakuru)
Hiyo X nimeisoma mara nne. Nitaijaribu stegi, yaani kituoni, kesho gari likisubiri abiria.

#25 NyarNam (Kisumu)
Gari likisubiri, si likitembea. Sisi ndio tunaowapokea.

#26 StegiYaNjoro (Nakuru)
Sista, simu hukaa kwa kondakta tukishaondoka. Nakuahidi.

#27 MwalimuVihiga (Vihiga)
BintiLanet, napendekeza tupime badala ya kubishana. Chukua fumbo "ngumu" la simu, linakili kwenye daftari la hesabu lenye miraba, zima simu, litatue kwa penseli. Fanya matatu. Ukiyamaliza, mafumbo hayana tofauti na lawama ni ya simu yenyewe. Ukishindwa, KompyutaNjoro ana haki, mafumbo ndiyo magumu zaidi.

#28 OmundeKakamega (Kakamega)
Tukimsubiri: Mwalimu, wewe Sudoku unaifundisha darasani au unaicheza tu?

#29 MwalimuVihiga (Vihiga)
Naifundisha, na asante kwa kuuliza kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Watoto wangu ni wadogo, namba tisa zingewachosha, kwa hiyo tunacheza ya nne kwa nne. Na hatutumii namba. Tunachora miraba 16 chini kwa chaki, kila mtoto anatoka nyumbani na punje: maharagwe, mahindi, kunde na njugu mawe. Kila mstari, kila safu na kila boksi la mbili kwa mbili liwe na punje za aina zote nne. Kuna njia 288 za kuijaza ikiwa tupu, na watoto wakiambiwa hivyo wanataka kuzitafuta zote.

Watu husema Sudoku ni hesabu. Hakuna kujumlisha wala kutoa ndani yake. Mtoto anayelia kipindi cha hesabu nimemwona akimwambia mwenzake, "kunde haiwezi kukaa hapo, iko tayari kule." Hiyo ni hoja kamili, na ameitoa mwenyewe.

#30 OmundeKakamega (Kakamega)
Hiyo naipeleka nyumbani leo. Njugu mawe zenyewe zitafika mwisho wa mchezo au zitaliwa?

#31 MwalimuVihiga (Vihiga)
Leta za ziada.

#32 JaduongReli (Kisumu)
Mwalimu, umenikumbusha ajua, bao la Waluo. Sisi tulicheza kwa mashimo na kokoto, na mzee akikaa upande wa pili alikuwa anakutazama usoni, si kwenye shimo. Sudoku haina mtu wa upande wa pili. Napenda utulivu wake, lakini ajua ilinifundisha watu. Vijana wa hapa Kisumu wachache sana wanaijua siku hizi.

#33 SojaWaUsiku (Nakuru)
Mzee, kwangu utulivu huo ndio dawa. Usiku ni mrefu na sauti ni nyingi. Nikiwa na fumbo sisikilizi kila bati linalopigwa na upepo. Nafikiri BintiLanet anashindwa kwa sababu anacheza mchana dukani. Mteja akiingia, uzi wa mawazo umekatika.

#34 NyarNam (Kisumu)
Hapo Soja umesema kitu. Mnyororo wa Sudoku ni mrefu: "kama hii ni 4, basi ile si 4, basi ile nyingine ni 9". Ukikatizwa katikati huwezi kuendelea ulipoachia, unaanza upya. Au unabahatisha.

Na kabla hamjaniuliza, maana wodini naulizwa kila wiki: Sudoku haizuii usahaulifu wa uzeeni peke yake. Itakufanya uwe hodari wa Sudoku. Mzee mwenye shinikizo la damu anywe dawa zake, atembee, alale vizuri, akae na watu. Fumbo ni nyongeza nzuri juu ya hayo.

#35 KompyutaNjoro (Njoro)
Nirudi kwa vile vijumba vinne vya Soja, kuna utamu mmoja. Kwa kuwa fumbo halali lina jibu moja, umbo lile la 3 na 7 haliwezi kutokea kwenye fumbo lisilo bovu. Kwa hiyo ukiona vijumba vitatu ni 3/7 na cha nne ni 3/7/8, weka 8 bila woga. Ila angalia vijumba hivyo vimo kwenye maboksi mawili tu. Vikisambaa maboksi manne, kama mstari wa 3 na wa 4, kanuni haifanyi kazi.

#36 JaduongReli (Kisumu)
Hiyo siipendi. Hapo hutatui fumbo, unamsoma mtungaji. Ni kama kumchungulia mwenzako kwenye ajua.

#37 KompyutaNjoro (Njoro)
Jaduong', jibu moja ni sehemu ya mchezo kama ilivyo mistari na safu. Kwa nini nisitumie sheria iliyopo?

#38 JaduongReli (Kisumu)
Kwa sababu hujathibitisha kwamba jibu ni moja, umeambiwa. Na Soja aliambiwa hivyo hivyo, akapewa bovu.

#39 MwalimuVihiga (Vihiga)
Hoja ya Mzee ni nzito. Kwenye fumbo bovu, mbinu hiyo itakupeleka pabaya bila kukuonya. Mimi huitumia kwenye mafumbo ya mtungaji ninayemwamini tu.

#40 BintiLanet (Nakuru)
Nimerudi na daftari. Nilinakili matatu kutoka kwa simu, yote "ngumu", nikayafanya jioni nyumbani kwa baba, mezani.

La kwanza nilimaliza kwa dakika 35. La pili dakika 52, na ndani yake niliikuta ile X kwa 2, nikapiga kelele mpaka baba akatoka chumbani. La tatu lilinishinda. Nilifika mahali hapasogei, nikakataa kubahatisha, nikaliacha.

Kwa hiyo mawili kati ya matatu. Dukani nilimaliza matatu kati ya kumi na manne. Mnasemaje?

#41 JaduongReli (Kisumu)
Hongera, mwanangu. Hakukuwa na nyekundu, ukafikiri. Nimesema nini tangu mwanzo?

#42 SojaWaUsiku (Nakuru)
Alikuwa nyumbani jioni, hapana mteja.

#43 KompyutaNjoro (Njoro)
Na alikuwa ameshafundishwa X, ambayo wiki ile ya mafumbo kumi na manne hakuijua. Na gazeti huchukua muda wa ugali kuiva, haya yamechukua hadi dakika 52, kwa hiyo mafumbo yenyewe ni magumu zaidi. Tumebadilisha vitu vinne kwa mpigo.

#44 NyarNam (Kisumu)
Vitano. Hakukuwa na saa inayohesabu pale juu ya skrini. Mimi ile saa niliifunika kwa kipande cha plasta tangu mwaka jana, ndipo nikaanza kumaliza.

Na ahadi yangu: nimecheza siku nne bila rangi na bila alama za kujiandika. Nilimaliza moja kati ya sita. Jaduong', ulikuwa na haki kunihusu mimi. Lakini hiyo moja niliifurahia kuliko zote za mwaka.

#45 JaduongReli (Kisumu)
Nyathina, hiyo moja ni yako kabisa. Hakuna wa kukunyang'anya.

#46 MwalimuVihiga (Vihiga)
KompyutaNjoro ana haki, kipimo changu kilikuwa na matundu. Turudie vizuri. BintiLanet, kaa dukani, saa zile zile, na mafumbo matatu mapya yaliyonakiliwa. Kinachobadilika kiwe karatasi tu.

#47 BintiLanet (Nakuru)
Nitafanya. Ila Jumatatu shule zinafunguliwa, duka litajaa wazazi wanaotafuta madaftari, sidhani nitapata hata dakika tano. Nipeni wiki mbili.

Baba amesoma uzi huu wote. Ameniambia kwamba miaka yote ile, Sudoku ya Jumapili alikuwa ananiachia ile iliyoandikwa "wastani" na kuikata ile "ngumu" kwa mkasi aende nayo kazini Jumatatu. Nilikuwa naiona karatasi ina tundu, nikidhani amekata tangazo la kazi.

#48 KompyutaNjoro (Njoro)
Ala! Lakini si ulisema zilikuwa zimeandikwa "ngumu"?

#49 BintiLanet (Nakuru)
Za Jumamosi ndiyo. Za Jumapili sikuwa natazama kichwa, nilikuwa naanza tu. Nimemwomba anipe zile alizokata. Anazo, zimo kwenye bahasha kabatini, na nyingine hakuzimaliza.

#50 JaduongReli (Kisumu)
Mwambie baba yako namsalimu. Na umuulize anatumia wino au penseli.

#51 StegiYaNjoro (Nakuru)
Wadau, nimeipata X! Stegi, gari likiwa na abiria tisa. Ni 5, mstari wa 1 na wa 6, safu ya 3 na ya 4. Nimefuta 5 sehemu tatu. Sasa nimekwama tena: boksi la katikati lina vijumba viwili vya 1/8, na mstari wa 5 hauniambii kitu. Nani yuko macho?

#52 SojaWaUsiku (Nakuru)
Niko. Andika mstari wa 5 wote, kisha safu ya 4 na ya 6.